Dishi, antena na redio ya FM kwenye waya mmoja: paipu ya ukutani ni moja tu (Uyole, Mbeya)

bati_jekundu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua waya za dishi na antena.

Nyumba iko Uyole, imeezekwa bati, dari ni silingi bodi. Wakati wa kujenga ilipitishwa paipu moja tu ya robo tatu kutoka darini hadi nyuma ya TV sebuleni, ina kona mbili, na ukuta umeshapigwa plasta na rangi. Waya mmoja wa RG6 umepita. Wa pili umegoma kwenye kona ya kwanza, na kuvunja ukuta sitaki.

Juu kuna dishi la sentimita 90 lenye LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya Ku ya tundu moja, na antena ya UHF kwenye bomba la mita 3, yenye busta (kikuza mawimbi) ya volti 12 kichwani. Adapta ya busta ilikuwa inakaa chini karibu na TV. Nataka pia kuongeza antena ya FM, maana redio ya sebuleni inakwaruza kwenye stesheni nyingi. Waya kutoka juu hadi TV ni mita 28.

Nilichojaribu: nimechukua spilita ya njia tatu, nikaigeuza juu chini ili iunganishe badala ya kugawa. Busta niliitoa kwanza. Spilita imeandikwa 5–2400 MHz na inapitisha umeme kwenye matundu yote. King'amuzi cha dishi kikaandika LNB ina shoti. Nikichomoa antena ujumbe unaondoka na dishi linarudi, ila ubora umeshuka kutoka asilimia 78 hadi 61. Nikaweka spilita nyingine ya 5–1000 MHz: shoti hakuna, antena inaonyesha chaneli chache, dishi halipo kabisa.

Maswali yangu ni matatu. Waya mmoja unaweza kweli kubeba vyote? Busta nitaipaje umeme ikiwa adapta haina tena waya wake? Na chumbani kuna TV ya pili, nayo itapata nini?

---

Ohm75

Mkuu, waya mmoja unatosha kabisa. Kosa ni kifaa, spilita si kazi yake hiyo.

Kwa upande wa mawimbi hakuna ugomvi. FM inakaa 87.5 hadi 108 MHz. TV ya antena inakaa 470 hadi 694 MHz. Dishi linapokea GHz 10.7 hadi 12.75, lakini LNB inayashusha mawimbi hayo kabla hayajaingia kwenye waya, kwa hiyo yanateremka yakiwa 950 hadi 2150 MHz. Makundi matatu, yote yamepeana nafasi, hakuna linaloingia kwa mwenzake.

Ugomvi wote uko kwenye umeme. Waya uleule unaoshusha mawimbi ndio unaopandisha umeme wa LNB: volti 13 king'amuzi kikitaka chaneli za wima (mawimbi yake yamesimama), volti 18 kikitaka za mlalo (mawimbi yake yamelala), na juu ya hizo kuna mlio wa kHz 22 wa kuiambia LNB ihamie bendi ya juu. Umeme huo unatakiwa ufike kwenye LNB peke yake. Spilita yako ya kwanza iliupeleka hadi kwenye antena. Fungua kile kiboksi cha antena ya UHF utakuta kipande cha feraiti chenye vijiwaya vimezungushwa mizunguko michache. Ndiyo baluni. Kwa mawimbi ni njia, kwa umeme wa DC ni shoti tupu, na king'amuzi kikaona shoti na kujizima. Umefanya vizuri kutoa busta, ingekuwepo ingepigwa volti 18 wakati yenyewe ni ya 12.

Spilita ya pili ilizuia umeme, ndiyo maana shoti ikaondoka, lakini LNB isiyo na umeme haifanyi kazi. Hata umeme ungepita, kifaa cha mwisho 1000 MHz kinabana karibu kila kitu cha dishi.

Unachohitaji ni daipleksa mbili. Dukani Mwanjelwa usiombe spilita, omba kiunganishi cha SAT na TV chenye matundu matatu. Tundu la SAT linapitisha 950 hadi 2400 pamoja na umeme. Tundu la TV linapitisha kuanzia 5 hadi 862 na limezuiwa umeme. La tatu ni la pamoja. Moja unaifunga darini: LNB kwenye SAT, antena kwenye TV, waya wa ukutani kwenye tundu la pamoja. Nyingine unaifunga nyuma ya TV kwa mpangilio uleule, waya wa ukutani ukiingia kwenye tundu la pamoja, SAT ikienda king'amuzi cha dishi, TV ikienda king'amuzi cha antena. Wengi wanakosea hii ya chini, wanaingiza waya wa ukutani kwenye SAT kwa kuwa hapo juu ndiko dishi lilikoingia.

Kabla hujapanda nayo, ipime kwa mita mkononi. Weka kwenye ohm. Kati ya pini ya SAT na pini ya pamoja usome karibu sifuri. Kati ya pini ya TV na pini ya pamoja usisome kitu, iwe wazi. Kama TV na pamoja zinasoma sifuri, hiyo inapitisha umeme pande zote, irudishe, itakuletea shoti ileile. Maandishi ya kwenye kopo yasikutoshe, pima.

Hesabu ya upotevu isikutishe. RG6 nzuri ya mita 28 inakula kama dB 9 (dB ni kipimo cha upotevu wa mawimbi) kwenye 2150 MHz, daipleksa mbili zinakula kama dB 3, jumla 12. LNB inatoa kama 79 dBµV (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye waya) kwa kila masafa, kwa hiyo king'amuzini zinafika 66 au 67, na kinachotakiwa ni kati ya 47 na 77. Upande wa antena, kwenye 600 MHz waya unakula karibu dB 5 na daipleksa 2. Jumla 7, maana yake chini inafika moja ya tano ya nguvu iliyokuwa juu. Hapo ndipo busta inaleta maana kwa nyumba yenye mlima mbele yake.

---

fundi_wa_kenchi

Naongezea alipoishia Ohm75, kuhusu busta, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za namna hii zinaharibikia.

Adapta yako ilikuwa inasukuma volti 12 kutoka chini. Ukiweka daipleksa, njia ya TV haipitishi umeme, kwa hiyo hizo volti 12 hazitafika juu. Na hiyo si hitilafu, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kwanza jaribu bila busta. Lete waya mfupi moja kwa moja kutoka antena hadi king'amuzi, soma ubora kwenye menyu, si nguvu. Ubora ukiwa juu na haupandi wala kushuka, busta huihitaji, ulikuwa unabeba mzigo bure. Uyole kuna minara ya simu pia. Busta ya bendi pana inakuza mawimbi ya simu ya 700 na 800 MHz pamoja na TV, ikizidiwa inachafua kila kitu, na mtu anadhani antena imegeuka. Ukilazimika kuweka busta, chagua yenye kichujio kinachokata juu ya 694 MHz.

Kama unaihitaji kweli, hamishia adapta darini. Fundi wa umeme akuwekee soketi moja kwenye kenchi, iliyotoka kwenye laini isiyopita kwenye swichi ya taa, halafu mpangilio uwe hivi: antena ya UHF, busta, kile kipande cha adapta kinachoingiza volti 12, ndipo tundu la TV la daipleksa. Umeme wa busta unabaki juu, umeme wa LNB unabaki upande wake, havikutani.

Kuna wanaotumia daipleksa inayopitisha umeme pande zote ili busta ile volti za king'amuzi cha dishi. Siipendi. Busta lazima iwe ya kuvumilia hadi volti 18, antena nyuma yake isiwe na shoti kwa DC, na king'amuzi kilishe vitu viwili kwa pamoja. Kibaya zaidi, ving'amuzi vingi vikizimwa kwa rimoti vinakata umeme wa LNB. Mama anazima dishi aangalie taarifa ya habari kwenye antena, na antena inakufa papo hapo.

Jambo jingine dogo: king'amuzi cha antena kina sehemu kwenye menyu ya kutoa volti 5 kwa ajili ya antena. Zima. Kwenye mfumo huu hazina pa kwenda.

Chumbani: kama TV ya pili inataka chaneli za antena tu, weka spilita ya kawaida ya 5–1000 baada ya daipleksa ya chini, kwenye mguu wa TV. Inakata kama dB 4 kila upande, na hapo ile spilita yako ya pili inapata kazi yake halali. Kama chumbani unataka king'amuzi cha dishi cha pili, hicho hakipiti kwenye waya huu. Kinataka LNB ya matundu mawili na waya wake peke yake.

---

Ilula_juu

Samahani kudandia uzi. Huku Ilula nina madishi mawili na waya mmoja. Kwa nini siwezi kuweka daipleksa ya pili nikaunganisha LNB mbili?

---

Ohm75

@Ilula_juu kwa sababu LNB zote mbili zinashuka na 950 hadi 2150, zinakanyagana palepale. Daipleksa inatenganisha bendi, na hapa bendi ni moja.

Kama king'amuzi ni kimoja, dawa yako ni swichi ya DiSEqC. Inakaa juu, LNB mbili zinaingia, moja inatoka, na king'amuzi ndicho kinachoamuru ipi isikilizwe. Tundu lake la kutokea unalipeleka kwenye SAT ya daipleksa bila shida, amri zake zinapita humo. Kama ving'amuzi ni viwili na kila kimoja kina dishi lake, hapo ni waya mbili. Usiviunganishe kwa spilita: kimoja kikiomba volti 18 kingine kikitaka 13, LNB inafuata 18, na wa pili anapoteza chaneli zake zote za wima.

Ipo LNB ya yunikebo, ambayo kila king'amuzi kinapewa masafa yake maalumu ndani ya 950–2150, na ving'amuzi kadhaa vinatumia waya mmoja. Ila LNB na king'amuzi lazima vyote viwe vimetengenezwa hivyo. Angalia menyu ya king'amuzi chako kabla hujatoa hela.

---

mvua_ya_Tukuyu

bati_jekundu, FM yako ni rahisi kuliko vyote. Kata vipande viwili vya bomba jembamba la alumini, kila kimoja sentimita 73, vifunge kwenye plastiki ngumu ncha kwa ncha vikiwa vimeachana sentimita 2. Pini ya waya kwenye kimoja, wavu wa waya (nyuzi zilizosukwa chini ya ganda la nje) kwenye kingine. Hiyo ni dipoli ya katikati ya bendi, na ohm zake zinakaribiana na 75 za waya, haitaki baluni ili ifanye kazi.

Usiipitishe kwenye busta. Stesheni ya FM ya karibu ina nguvu kubwa mno kwa busta ya UHF. Tumia kombaina (kiunganishi cha antena mbili) ndogo yenye tundu la VHF/FM na tundu la UHF, uifunge baada ya adapta ya busta na kabla ya daipleksa. Chini, badala ya daipleksa ya plastiki, tafuta soketi ya ukutani yenye matundu matatu, TV, R na SAT. Ndani yake kazi ya kutenganisha imeshafanywa, na R inatoa FM peke yake. Hakikisha imeandikwa kwamba SAT inapitisha umeme, na uipime kwa mita vilevile. Redio iwe na tundu la antena nyuma. Ile ya mkononi yenye fimbo haitafaidika.

Sasa maji. Nyanda hizi mvua ni ya Novemba hadi Mei, na huku Rungwe haikauki sana hata nje ya hapo. Konekta inayotazama juu inajaa. Kila waya unaoingia kwenye kifaa ufanye tumbo kwanza, ushuke chini ya kifaa kisha upande kuingia, matone yaangukie kwenye lile tumbo. Juu ya konekta viringisha utepe wa raba unaojigandisha wenyewe. Ukiukosa, kata tyubu ya baiskeli vipande vya upana wa vidole viwili, vuta hadi virefuke mara mbili, viringisha kutoka chini kwenda juu kila mzunguko ukilalia nusu ya uliopita. Halafu juu yake tepu ya umeme ya kuikinga na jua. Daipleksa na kombaina zikae ndani ya dari, si kwenye bomba. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ndani hata kama muuzaji anasema za nje.

Na radi tusiisahau. Bomba la antena na mguu wa dishi viunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba hadi kwenye fimbo ya erthi, na fimbo hiyo iunganishwe na erthi ya nyumba. Fimbo mbili zisizojuana ni hatari, radi ikipiga karibu tofauti ya volti inapita kwenye vifaa vyako. Wavu wa waya wa dishi na wa antena nao ufungwe kwenye erthi kabla haujaingia ndani, kwa waya wa milimita 4 za mraba. Hata hivyo radi ikianza kunguruma, chomoa.

---

bati_jekundu

Asanteni sana wakuu. Nimepata daipleksa mbili, nimezipima kama mlivyosema: SAT na pamoja 0.3 ohm, TV na pamoja wazi. Busta nimeiacha kwanza, ubora wa antena ni 82 na umetulia. Dishi limerudi, 74.

Tatizo lililobaki: chaneli za wima zote zipo, za mlalo zinakuja na kuondoka. Nimepanda na mita. King'amuzi kikiwa kwenye chaneli ya mlalo, mwisho wa waya darini, LNB ikiwa haijafungwa, nasoma 17.6. Nikiifunga LNB inashuka hadi 14.1. Je, ni waya? Nimejaribu sumaku, waya wa katikati unashikwa.

---

Ohm75

Vipimo hivyo vinatosha kumkamata mkosaji, na si waya.

Sumaku kushika maana yake ni chuma kilichopakwa shaba. Si waya bora, lakini tuuhesabu. Chuma cha namna hiyo ni kama ohm 10 kwa mita 100, kwa hiyo mita 28 ni karibu 2.8, ongeza ohm moja ya wavu, tuseme 4. LNB inakula kama ampia 0.15. Nne mara 0.15 ni volti 0.6. Wewe umepoteza 3.5. Gawa kwa 0.15 unapata ohm 23. Toa nne za waya, kuna ohm 19 zimekaa mahali. Hizo zinaishi kwenye konekta. Na LNB inatofautisha wima na mlalo mahali fulani kati ya volti 14 na 15, ndiyo maana kwa 14.1 inasitasita.

Fungua konekta zote nne za waya wa SAT na waya wa ukutani. Nina hakika ni zile za kuzungusha kwa mkono. Angalia mambo mawili. Waya wa katikati ukiwa mweusi au una utando mweupe, maji yameshaingia. Kata nyuma sentimita 10 hadi 15, mpaka uone wavu unang'aa. Halafu tazama kama wavu uliokunjwa nyuma umebanwa kweli na konekta au umelegea.

Kata upya. Ganda la nje lichunwe milimita 13. Wavu ukunje wote nyuma, karatasi ya fedha inayoshikamana na povu ibaki mahali pake. Povu lichunwe milimita 6 au 7, na kisu kisiguse waya wa katikati, maana ukikwangua lile koti la shaba kutu ya chuma inaanzia hapo. Sukuma konekta hadi povu jeupe lilingane na sakafu ya ndani ya konekta, si chini yake. Waya wa katikati uchomoze milimita 2 nje ya mdomo. Ukiwa mfupi haugusi vizuri, ukiwa mrefu unapanua kijichuma cha ndani ya tundu na hakirudi. Mulika kwa tochi kabla ya kufunga: unywele mmoja wa wavu ukigusa katikati ni shoti. Tumia konekta za kubana kwa koleo lake.

Kisha rudia kipimo kilekile, LNB ikiwa imefungwa, chaneli ya mlalo. Unatafuta 16.5 kwenda juu. Ukifika hapo ndipo ufunge raba, si kabla.

---

bati_jekundu

Zilikuwa mbili: ya kwenye LNB imeoza, na ya nyuma ya TV wavu ulikuwa haujabanwa kabisa. Nimekata zote nne upya. LNB ikiwa imefungwa nasoma 16.9, chaneli za mlalo zote zipo, ubora 76. Kesho naanza dipoli ya FM.